Nyuma ya Shimo la Saba

Mipira mia nne na kumi na tisa
nimeiokota uani kwangu tangu tuhamie hapa.
Iko gereji, kwenye ndoo za rangi,
pembeni ya koleo la theluji.
Dirisha la jikoni limevunjwa mara tatu,
na kila mara mvunjaji alikuja kofia mkononi,
kasoro yule daktari wa meno.

Gofu mimi sichezi.
Nilipeleka barua miaka thelathini na mmoja;
miguu hii imetembea ya kutosha
bila kufukuza kitu kidogo cheupe.
Lakini tulilipa, mimi na Marlys,
dola elfu kumi na nane za ziada
ili tukinywa kahawa tutazame nyasi
ambazo si sisi tunaozikata.

Kisha klabu ikafilisika. Kiangazi kile nyasi zikafika kiunoni.
Bendera ya shimo la saba ikaliwa na jua, kikabaki kijiti,
na bata bukini wakahamia kwenye mchanga
kama warithi wasiongoja matanga yaanuliwe.

Mwezi wa pili kampuni ikaleta ramani:
nyumba mia mbili na sitini, zimebanana kama meno ya kitana,
na miti imechorwa kwa kijani
kisichopatikana Minnesota hata mwezi wa sita.

Tukakutana chini ya kanisa la Kilutheri.
Viti vya kukunja. Kahawa kama maji ya kusuuzia sufuria.
Kila mtu dakika tatu.
Gordy Halvorsen akasimama kutetea vyura,
Gordy ambaye kila mwaka humwaga dawa
mpaka konokono wanatimua mbio.
Mwingine akalilia foleni za magari, mwingine shule,
mwingine akasema "watu wa aina hiyo," akakohoa, akaketi.
Neno *bei* lilizunguka chumbani kama nzi:
kila mtu alimpunga kwa mkono, hakuna aliyemtaja.

Nami nilikuwa na karatasi mfukoni.
Niliandika habari za mkondo wa maji,
vyumba vya chini vitakavyofurika. Si uongo.
Ila mtu anaweza kujibanza nyuma ya ukweli
kama nyuma ya mti.

Ndipo akasimama binti mwenye sare ya buluu,
Pa Nhia Vang, kitambulisho cha kazi bado kifuani.
Niliitambua mikono kabla ya uso:
ndiyo iliyomgeuza Marlys kitandani
tangu majani kupukutika hadi theluji ya kwanza
bila kumuumiza hata siku moja.
Akasema, "Naendesha dakika hamsini kuja, hamsini kurudi.
Wazazi wenu hupenda nikifika mapema.
Na mimi ningependa kufika mapema."
Dakika mbili zilibaki. Hakuzitumia.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea.
Birika la kahawa ndilo lililokoroma.
Wakaita jina langu, mara mbili.
Nikasema naachia zamu yangu.

Njiani nikamkumbuka Bi Ostrem.
Mtaa wetu ulikuwa shamba la viazi la baba yake.
Miaka kumi na miwili alipokea barua mkononi mwangu
bila kunitazama usoni.
Nilidhani ni kiburi.

Bango la njano limesimama mbele ya nyumba:
OKOENI NYASI ZETU.
Nilipigilia mwenyewe, kabla ardhi haijaganda.
Usiku upepo ukaling'oa.
Nikatoka na ndara, nikaliinua,
nikabaki nimelishika hivyo,
halijasimama, halijalala,
huku kule nyuma bata mmoja akilia gizani,
mpaka baridi ikanipanda magotini.