Karina Nne

Tulikuwa saba wenye Karina pale Newala.
Sasa tumebaki wanne,
na fundi Chilumba anatujua kwa milio:
ya Osmundi hukohoa kabla ya kuwaka,
ya Bi Mwanahawa hupiga mluzi ikipanda kutoka Kitangari,
ya Nanjota hailii kitu, na hilo ndilo linalomtia hofu.
Yangu ina namba A, rangi ya maziwa yaliyochacha,
na mlango wa nyuma unaofunguka kwa nje tu,
kwa anayejua pa kupiga goti.

Kiwandani waliacha kuiunda zamani,
kitinda mimba wangu hajazaliwa. Leo ana ndevu.
Hakuna aliyetuletea barua.
Tulijua kidogo kidogo, kama mtu anavyojua kuwa amezeeka:
kwanza taa ya nyuma ikakosekana Masasi,
halafu bushi zikakosekana Mtwara,
halafu kijana wa duka la spea kule Dar akaniuliza kwenye simu,
"Mama, hiyo Karina bado inatembea?"
akacheka kwa adabu.

Jumapili tunakaa gereji, juu ya injini iliyofunikwa gunia,
tunachagua gari la kununua korosho zikilipa.

Osmundi anataka Premio.
"Ni ndugu yake wa tumbo moja," anasema,
"sura imenona kidogo, lakini damu ni ile ile."
"Na ushuru wa uchakavu," anauliza Nanjota, "damu itaulipa?"

Bi Mwanahawa amepanda Isti ya mkwewe.
Magoti yaligusa kidevu, anasema,
na gunia moja la korosho likakaa mbele kama bwana harusi.

Proboksi? Imara, habishi mtu,
ila hakuna aliyewahi kuiosha kwa mapenzi.
Noa? Siku hizi nina viti viwili tu vya kujaza,
changu na cha mkoba wangu.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi.
Msimu mzima napima:
gunia juu, toa uzito wa gunia, andika, mpe mtu stakabadhi.
Jiwe lililofichwa kati ya korosho nalijua
kabla sindano haijatulia.
Lakini haya sijui nayaweka upande gani:
buti lililomeza madumu kumi na mawili ya maji
miaka ile bomba la mlimani lilipokuwa likitoa upepo;
kiti cha nyuma alichojifungulia wifi yangu
hatua mia moja kabla ya geti la hospitali,
na doa ambalo sabuni wala mafuta ya taa hayajalitoa.
Nitoe kiasi gani hapo, niseme ni uzito wa gunia?

Kuna jambo tunalizunguka kama mbuzi na kigingi chake.
Fundi ndiye aliyelitamka,
kichwa kikiwa ndani ya boneti ya Nanjota:
"Wa kwanza kuuza ndiye atakayewafufua wengine."

Kimya.
Maana ile ya marehemu Likwata imo ndani yetu:
mimi nina rejeta yake,
Osmundi ana taa zake,
Bi Mwanahawa ana usukani, na mpaka leo
anaapa kwamba huvuta kushoto, kuelekea kwa mjane.

Tangu hapo tunatazamana magari kama warithi.
Nilimwona Nanjota akiipima giaboksi yangu kwa jicho la pembeni.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nilikuwa nimeshahesabu shokapu zake.

Leo pesa za mnada wa tatu zimeingia.
Simu zilitikisika mifukoni, moja baada ya nyingine.
Hakuna aliyeitoa yake.
Osmundi aliomba spana namba kumi na nne.
Bi Mwanahawa alisema mvua zikikatika ataamua.

Nikarudi nyumbani kwa njia ndefu, ile ya Shimo la Mungu,
nikasimama ukingoni, injini nikaiacha inanguruma,
kwa sababu siku hizi nikiizima
inataka kusukumwa,
na mbele palikuwa bonde tupu mpaka Ruvuma.