Wigi la Nurhayat

Konya, mwaka wa tisini na nane.
Langoni mwa chuo mlinzi alinyoosha kidole:
vua, au rudi kwenu.
Mama akavaa wigi juu ya ushungi,
nywele za nailoni, bado zanuka duka,
akaufanya mtihani wa kemia jasho likimtiririka.

Leo lango ni lile lile, mlinzi mwingine.
Napita kichwa wazi.
Mkuu wa idara ananiuliza, kwa upole unaotisha,
kama kwetu tunaswali.

Usiku mama kafungua mkebe wa biskuti,
kalikung'uta wigi kama paka aliyelowa.
"Kesho kura, Elvan.
Mimi na ushungi wangu, wewe na nywele zako."
Akapapasa kutafuta miwani.
"Mungu hajapata kuniwekea askari mlangoni."

Wigi likalala mezani, kati ya chai na zeituni.