Isifike Uzi

Doreen alibisha mapema, koti la mvua
juu ya gauni la kulalia,
mkono mmoja mkongojo, wa pili mkasi.
"Leo hakuna umande. Twende."

Nyuma ya reli ya Heeley, penye ukuta uliobomoka,
mti umebeba vishada bapa, rangi ya tui la kwanza.
Jina lake kwa Kiswahili silijui.
Nilimpigia Bi Shamsa wa Leicester, naye hajui;
tukakubaliana ni maua, yatosha.

"Ya juu waachie ndege.
Hilo limezeeka. Hilo je? Linuse."
Nikanusa: zabibu, na kwa mbali
mkojo wa paka. Nikanyamaza.
"Mkojo wa paka," akasema mwenyewe,
"ukiingiza pua sana."

Hayaoshwi. Ule unga wa manjano ndio harufu,
ukiosha umemwaga kila kitu.
Tuliyakung'uta juu ya gazeti, vidudu vyeusi
vikakimbilia matokeo ya kriketi.
Vijiti vya kijani vyote vitoke, vinaumiza tumbo,
kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipoelewa
kwa nini alibisha kwangu:
vidole vyake vimepinda kama tangawizi,
mkasi aliubeba tu.

Maji kikombe, sukari kikombe.
Nikainjika, na mkono ukaenda wenyewe.
Mkono huu ulifundishwa na mama, Mikindani,
shira ya kaimati: ichemke, izidi kuchemka,
utwae tone kati ya gumba na kidole cha shahada,
ufungue taratibu.
Uzi ukikatika, bado. Uzi ukishika, epua.
Nikafungua. Ukashika, mrefu, unang'aa,
nikamgeukia Doreen nimwonyeshe.

"Umeiua," akasema.

Kumbe ya vinywaji haipikwi.
Sukari ikiyeyuka, maji yakarudi kuwa maangavu,
zima jiko, ondoka.
Ikifika uzi, kwenye glasi ya barafu inazama
inakaa chini kama mtu aliyesusa.

Sufuria ya pili niliilinda mikono nyuma,
mtoto dukani aliyekatazwa kugusa.
Ganda la limau. Maua yakalazwa kifudifudi,
kitambaa juu, usiku kucha
na mchana wa pili wote, nyumba nzima ikinukia
hata soksi zangu.

Nikachuja kwa melimeli. Akaja na chupa.
Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu kinaelea:
ya mwisho aliyotengeneza Clifford, kiangazi kile
alichosahau majina ya wajukuu
na vipimo hakuvisahau.
Miaka minne nyuma ya friji,
hainyweki, haimwagiki.
Tulisimama kwenye sinki.
Nimwage? nikauliza.
Akafungua bomba yeye, kwa kiwiko.

Nikaisugua kwa mchele na maji ya moto,
ndani tu, nimeikaba shingo,
maana karatasi ya nje ilikatazwa kulowa:
Juni, kwa wino wa bluu,
na mkia wa herufi umekimbia hadi ukingoni.

Akaweka vidole viwili vya jini kwenye glasi
(kwetu pia jini hukaa kwenye chupa,
nilimwambia, akacheka mpaka akakohoa),
shira kijiko, ndimu, barafu.
Mimi maji ya gesi. Pombe sinywi,
naye katika miaka sita ya ujirani
hajaniuliza kwa nini.
Alikunywa ametazama dirisha. Akasema,
"Yeye aliongeza limau kidogo zaidi."
Hilo tu.

Ile iliyouawa nikaimwagia kaimati Jumapili.
Akala saba, akihesabu kwa sauti,
akalamba gumba, kisha akasita,
akakigusisha na kidole cha pili,
akavifungua kadiri vinavyofunguka,
akainama karibu kabisa
kuutafuta uzi.