Shupaza Tisa

Nilianza na moja, ndani ya mfuko wa koti.
Jumapili, Kibuye, mtumba umepasuliwa alfajiri,
mikono ya watu inachakura kama kuku jalalani,
nami nikaangukiwa na koti la kike, kijivu,
kola ya manyoya ya uongo,
na mfukoni, badala ya noti ya kigeni niliyoiomba kimoyomoyo,
karata. Kopa sita.
Kila kopa imechorwa waridi lililojikunja
kama kabichi changa.

Koti niliuza mia nne.
Kopa sita ninayo hadi leo.

Tangu hapo kila koti nalipekua kama askari wa mlango wa benki.
Napata tiketi za treni za miji nisiyoijua,
leso, funguo zisizo na milango,
na mara tatu hivi kwa mwaka, ukiwa mwaka mzuri,
karata.
Pau nne yenye vishada vya maua ambayo hata jina sina.
Uru kumi: viatu kumi vya visigino, wala hakuna viwili pacha.
Ghulamu mwenye suruali ya mistari na ua kifuani,
anayefanana, Mungu anisamehe, na marehemu mjomba Odiero
siku ya arusi yake ya pili.

Na Malkia wa kopa.
Gauni la kijani cha parachichi lisiloiva vizuri,
mabega wazi, kiuno kimebanwa, halafu marinda, marinda, marinda
mpaka nje ya ukingo,
kana kwamba mchoraji aliishiwa karatasi
kabla hajaishiwa kitambaa.

Nazihifadhi kwenye daftari la madeni,
katika kurasa za waliokwisha kulipa.
Kurasa hizo hakuna anayezifungua.

Habari ilifika kanisani kabla yangu.
*Absolom ana karata nyumbani.*
Kwetu Nyalenda, karata ni neno la mwanamume
aliyeuza godoro watoto wakiwa wamelilalia.
Alhamisi wakaja wanne na Biblia tatu.
Walikataa chai, nikajua shauri ni zito.
Mchungaji aliomba mpaka kola ikalowa,
kisha akasema: "Zilete."

Nikazileta. Nikazipanga moja moja
juu ya kitambaa cha meza alichofuma Rispa,
arobaini na tisa, nyingine zimepauka,
nyingine bado zinanukia kabati la mtu wa mbali.
Nilitaka kueleza. Ulimi ukawa mzito kama koti lililonyeshewa.

Mama Turufosa, mke wa mchungaji, akavaa miwani.
Akainama. Akamwinua Malkia kwa kucha mbili.
Mumewe akakohoa.
"Haya marinda," akauliza, "yanakula mita ngapi?"

Chai ikanywewa.

Malkia alikaa kwa fundi mwezi mzima.
Alirudi na vumbi la chaki
na tundu la pini begani, dogo,
ambalo bado linaniuma nikiliona,
ingawa Pasaka ile kanisa zima liligeuza shingo
na mchungaji akapoteza mstari aliokuwa akiusoma.

Sasa zimebaki mbili kutimia, au tuseme moja,
kwani uru tatu nimeahidiwa na muuza mikoba wa Ahero
ambaye ahadi zake huchukua msimu wa mvua.
Ila shupaza tisa haipo. Miaka kumi na moja, haipo.

Basi nimekata boksi la unga, nimelipiga pasi,
na ninaichora mwenyewe.
Katika daftari zima hakuna gugumaji,
ua lile la Dunga, la zambarau, lenye jicho la manjano,
ambalo wavuvi hulitukana kila asubuhi
na hakuna bibi arusi aliyewahi kulishika.
Nataka tisa. Nimefikisha matano,
kalamu ya rangi ya binti yangu ikaisha,
naye ananidai.

Jumapili nitanunua nyingine.
Lakini mtumba ukipasuliwa,
kabla ya kutazama kola, kabla ya vifungo,
mkono utaingia mfukoni kwanza.