Pete Shingoni

Saa kumi na moja alfajiri, Huddersfield.
Mvua inachirizika kwenye kioo cha maabara
nami napanga chupa mia na nne za soda ya chungwa.
Glenys asema, «Kagua shingo.»
Nakagua shingo.

Tunatafuta pete:
ufito mwembamba wa mafuta, rangi ya ganda la chungwa,
uliopanda kimyakimya hadi shingoni mwa chupa.
Kwingine pete hufunga ndoa.
Hapa pete ni talaka.

Maji na mafuta hayapatani, tuliambiwa tangu jikoni.
Kweli. Nimeyatikisa, nimeyasaga kwa mashine
hadi matone yakawa madogo kuliko vumbi la unga,
na kwa usiku mmoja tu wa kuachwa yenyewe
yakatafutana, yakashikana, yakapanda juu.

Ndipo huingia gundi.
Huja kwa gunia, machozi ya mgunga,
mabonge ya rangi ya asali, na mchanga, na vigome,
na siku moja mguu wa sisimizi.
Naiyeyusha polepole; haipendi kuharakishwa.
Ndefu, yenye matawi:
kipande chake kimoja hung'ang'ania tone la mafuta,
matawi yake ya sukari hutanda majini
yakiwaambia majirani: hodi msipige, piteni mbali.

Haisuluhishi ugomvi.
Haigeuzi mafuta yakawa maji.
Hulivisha tone kanzu, basi,
likae lilivyo, lilipo,
katikati ya yasiyofanana nalo.

Nakumbuka nyumba yetu ya Birkby, mimi na Shamte,
miaka sita ya kutikisana.
Tulidhani kule kuchafuka ndiko kuchanganyika.
Wa kukaa kati hatukuwa naye:
shangazi zake Pangani, kaka zangu Voi,
na simu hukatika pale pale neno linapoanza kulainika.

Chupa ya sabini na tatu ina pete.
Naipindua; pete inavunjika, inatawanyika,
inarudi kwao.
Glenys ananitazama, hasemi kitu.
Anaweka kikombe cha chai baina yetu,
anausukuma mkebe wa biskuti kwa kiwiko,
kisha anarudi kwenye mizani yake.

Naandika: sabini na tatu, imeachana.
Kundi lijalo, gundi iongezwe.
Kidole changu bado kina alama nyeupe
ambayo sabuni ya kiwandani haijaifuta.

Zimebaki chupa thelathini na moja.