Safu ya Mahitaji

Fomu waliyoniletea ina safu tano:
jina, umri, kijiji, idadi ya watu,
na ya mwisho, mahitaji,
upana wake vidole viwili.
Nimefundisha hapa Hindi miaka kumi na tisa.
Najua mwandiko wa mtu mwenye shida
hautoshi humo.

Wamelala darasa la nne, wengine la tano.
Madawati tumeyasimamisha yakawa ukuta,
kanga mbili zikawa mlango.
Ubaoni zimebaki hesabu za Ijumaa,
*gawia watu wanane mikate sita*,
na hakuna aliyezifuta.

Naanza.
Nyevu Ngonyo, hamsini na mbili, watu saba.
Mahitaji?
Ananitazama kama niliyeuliza jambo la chumbani.
"Mwalimu, mahindi yangu yamebeba.
Nataka mtu wa kuamia ndege."
Naandika: chakula.
Kumbe anajua kusoma. Ananingoja nifute.
Nafuta.

Gathogo Muriithi, watu wanne.
Huyu anataka mtu akamkamulie ng'ombe,
maziwa anywe huyo huyo mkamuaji, hayadai,
ila kiwele kisije kikavimba.
Mzee Abashora, wa Bodhei, umri niandike mimi.
Hataki kitu.
Halafu anageuka, ameshafika kizingitini:
"Nyuki hawajui kama nimehama."

Somoe hakuja mezani. Ana miaka kumi na minne.
Alimtuma mdogo wake na karatasi
iliyokunjwa mara nne, nikaisoma nimegeukia dirisha.
Nikaandika kwa penseli.
Nikaona haya ya ile penseli,
nikarudia kwa wino.

Na mtoto wa Gathogo, ambaye sikumuuliza lolote:
"Mwalimu, mtu akiamka yuko darasani tayari,
amewahi au amechelewa?"

Mama yangu alitoka Mararani wakati wa Shifta,
mimi mgongoni, sufuria kichwani.
Fomu hazikuwako.
Aliishi miaka arubaini mingine, akapika, akazika,
na alichokuwa akikihitaji siku ile
sikijui.
Hakuna aliyemuuliza. Na mimi simo?
Mimi nilikuwa naye kila siku.

Alhamisi lori likaja, jekundu kwa vumbi la Garsen.
Unga, sabuni, madumu ya maji,
na blanketi mia mbili, Januari hii,
joto limewatoa hata mijusi kwenye mabati.
Sibezi. Aliyelalia saruji anajua blanketi ni nini,
na usiku wa kwanza nilisikia watu wakikoroma
nikamshukuru Mungu kwa mkoromo.
Kijana wa lori alikuwa na adabu, macho mekundu,
hakuketi hata kunywa chai.
Furushi la Somoe halikuwamo.
Nilimtuma mke wangu dukani.

Fomu nayo ilirudi.
Mistari kumi na mmoja imezungushiwa wino mwekundu,
na pembeni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu:
*Haieleweki. Tumia orodha iliyoidhinishwa.*

Leo nimefika kabla ya wanafunzi.
Nyevu yuko katikati ya kiwanja cha mpira,
leso kaifunga kiunoni,
anapiga makofi, "Haa! Haaa!",
na kwera wametua juu ya mwamba wa goli,
wanamtazama.
Hakuna hindi hapo. Hakuna hata nyasi ya kutosha mbuzi.
Anapiga makofi, anahama pembe, anapiga tena,
kama mtu anayejua mpaka wa shamba lake ulipo.

Watoto wa kutwa wakaingia getini, wakacheka.
Niliinua mkono niwakemee.
Mtoto wa Gathogo akatoka darasani miguu mitupu,
akaokota bonge la udongo,
akalenga,
akarusha.

Saa moja na nusu imepita.
Kengele ninayo mkononi.