Nyuma ya Shuka

Usiku wa wanawake, ukumbini Langoni,
mimi hukaa nyuma ya shuka.
Ndiyo sharti: Bwanaadi wa projekta
asione nyuso, naye asionekane.
Picha naigeuza mashineni
wao waione sawa,
kwangu ibaki kinyume:
maandishi yanakwenda kama kaa,
golikipa wa mkono wa kulia
kwangu ni wa shoto.

Leo wameomba ile ya msichana wa glavu.
Nimeionyesha Shela, Matondoni, Faza mara mbili.
Nawajua wote mle ndani:
baba mwenye duka la misumari,
shangazi anayehesabu posa kwa vidole,
dirisha la choo, ukuta, baiskeli ya kuazima.
Filamu hizi ni ndugu wa tumbo moja.
Baba hukasirika saa nzima na nusu,
halafu zikisalia dakika kumi
utamwona nyuma ya goli, kofia mkononi,
analia, na muziki unamsaidia.

Mimi sina muziki.
Nina miezi kumi na mmoja
tangu nilipokuta mvunguni
glavu za rangi ya ndimu
zimeviringishwa ndani ya buibui kuukuu.
Nikazirudisha vile vile, mkunjo kwa mkunjo,
nikaenda kunywa kahawa isiyo na ladha.
Niliyemwambia ni mamake tu.
Akasema, bila kuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akidarizi,
"Hicho kidole gumba nimekishona mimi."

Shukani, penalti ya mwisho.
Upande wa pili wanawake sitini wamenyamaza,
na watoto wao wa kunyonya.
Mpigaji anarudi nyuma hatua tatu.

Umeme ukakatika.

Mtu akalitukana shirika la umeme na ukoo wake.
Kisha Bi Rukiya, tambuu mdomoni:
"Meudaka au hakuudaka?"
Hakuna anayejua.
Mimi najua. Nikafungua mdomo,
nikaufunga.

"Hakuudaka."
Sauti ile huniamsha kila alfajiri, chai tayari.
"Umempita huku. Aliwahi kuruka, angengoja.
Nipisheni niwaonyeshe."
"Nani huyo?"
"Somoe. Wa Bwanaadi."
Mtu akaguna. Mtu akasema, mpisheni.

Simu zikawashwa, moja, tatu, kumi,
na shuka yangu ikajaa vivuli
saba, vinane, vya msichana mmoja,
vimepandana mabegani, vimekutana miguuni.
Amewaelekea wao, mgongo kwangu.
Ndipo nikaona: usiku kucha
hiki ndicho cha kwanza kisicho kinyume.
Mkono wake wa kulia ni wa kulia.
Nyuma yake shuka imenyooka kama nyavu.

"Rusha, bibi!"
Sijui walirusha nini. Labda mtandio uliofungwa fundo.
Akangoja.
Akangoja tena, mpaka nami nikakaza tumbo.
Akaruka.

Shuka ikanipiga usoni,
na ndani yake bega, la kweli, lenye joto,
likanigusa paji la uso, likaondoka.
Vigelegele vikapasua dari.

Jenereta iko pembeni mwa goti langu.
Kamba ninayo kiganjani.
"Bwanaadi!" wanaita. "Washa basi!"
"Mwacheni," sauti nyingine, "arudie kwanza."

Sikusema ndiyo. Iandikwe hivyo.
Kesho wakiniuliza nitasema mafuta yaliisha.
Jerikeni imejaa.